Mto Hausafishwi Mtoni

Maswali ya wasomaji kuhusu mito iliyochafuka

Tangu masika yaanze, barua nyingi zinazoingia katika safu hii zimekuwa za mito. Wengine wanaandika kutoka pale mto unaponuka, wengine kutoka pale unapoanzia, na mmoja kutoka pale unapomwagikia baharini. Nimechagua saba. Nilipozisoma kwa pamoja niliona kwamba wa bondeni mara nyingi anauliza swali ambalo jibu lake analo wa mlimani, kwa hiyo nawaomba msome na barua za wenzenu pia.

SWALI: Mhariri, salaam. Sisi ni kikundi cha akina mama na vijana wa Kigogo, Dar es Salaam. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunashuka Msimbazi na makoleo, reki na viroba, tunatoa taka mpaka migongo inauma. Ikinyesha mvua moja tu, taka ni zilezile na maji ni meusi vilevile. Tunakosea wapi?
Katibu wa kikundi, Kigogo

JIBU: Ndugu Katibu, poleni na hongereni kwa kazi. Taka nyingi mnazozitoa Kigogo si za Kigogo. Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, ukateremka takriban kilomita 35 kupitia maeneo ya Ukonga, Kipawa, Tabata, Vingunguti na Buguruni kabla ya kufika kwenu, kisha ukapita Jangwani na kuingia baharini kwenye Daraja la Selander. Mvua yote inayoanguka ndani ya eneo hilo, iwe juu ya bati, barabarani, shambani au kwenye jalala, ile isiyonywewa na ardhi hutafuta njia ya kwenda mtoni. Eneo linalodaka mvua namna hiyo huitwa kidakio, na kila kinachoachwa wazi ndani ya kidakio, mvua ya kwanza hukibeba.

Kwa hiyo naomba mfanye jambo ambalo huenda likawashangaza: Jumamosi mbili zijazo wekeni makoleo chini, mpande na mto. Chukueni daftari, mfuate kila korongo na kila mfereji unaoingia Msimbazi kutoka kwenu hadi mtakapochoka, na kila mahali muandike kinachoingia, kinatoka wapi, na nani yuko karibu nacho. Mtakuta mitaa ambayo gari la taka haliwezi kuingia, na kwa sababu hiyo ukingo wa korongo umegeuka jalala la watu wote. Gereji zinazomwaga oili chafu kwenye mtaro. Mahali ambapo wachimba mchanga wameukata ukingo mpaka nyumba iliyo juu inaning'inia. Na mtakuta vyoo.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu jambo hili watu wa bondeni wanalijua na viongozi wanalijua, lakini kwenye mikutano hulipita haraka. Nimesimama mwenyewe katika kichochoro kimoja cha bondeni, mvua ya Aprili ikipiga, mbele ya ukuta wa choo uliotokeza bomba la plastiki lililozibwa kwa tambara. Mvua ilipokolea, mwenye nyumba alitoka amejifunika kanga, akalivuta tambara lile kwa waya uliokunjwa ncha, na shimo zima likaanza kumwagika kwenye mtaro uliopita mbele ya mlango wa jirani yake. Hakujificha. Aliniambia kwamba gari la kunyonya haliwezi kuingia kichochoroni pale, na hata lingeingia, safari moja ingemla kodi ya chumba. Wenyewe huita kutapisha choo. Jirani hakusema kitu, kwa sababu naye lake lilikuwa linasubiri zamu. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingine kilikuta mazingira ya namna hiyo yakikingojea.

Mama yule hawezi kurekebishwa kwa faini, maana faini haitafanya gari lipite mlangoni kwake. Dawa ni huduma inayomfikia: pampu ndogo zinazoingia kichochoroni na kupakia majitaka kwenye chombo cha magurudumu matatu, au mabomba membamba yanayopita uani nyumba kwa nyumba hadi kwenye mfumo wa majitaka, kama yalivyowekwa katika baadhi ya nyumba za Vingunguti, ambako mabwawa ya kutibu majitaka yako karibu. Kikundi chenye watu 30 kinaweza kuhesabu vyoo vinavyotapishwa katika mtaa wake, kukubaliana na wenye nyumba kuchanga kidogokidogo kila mwezi ili mashimo yanyonywe kiangazi kabla hayajajaa, kisha kwenda kwa mtendaji wa kata na mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira na orodha mkononi. Orodha ya nyumba 60 zilizo tayari kulipa ina uzito ambao malalamiko hayana.

Msikate tamaa na kuokota, lakini okoteni mahali panapofaa. Chagueni korongo moja linaloingia mtoni, lile lililo baya kuliko yote, mfunge kizuizi cha nguzo na wavu kabla halijafika mtoni, mkizoe kila wiki. Taka zikishaingia mto wenyewe zimetawanyika. Zikiwa bado korongoni mnazikusanya kwa saa moja, na aina ya taka itawaambia zimetoka mtaa gani.

Neno moja kuhusu mafuriko, kwa sababu ninyi ndio mnaolala nayo. Yale ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini na kuwahamisha wengine hadi Mabwepande, yalitokana na mvua kubwa mno, lakini maji yalikuta mkondo uliojaa mchanga na taka, na kingo zisizo na mimea. Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2022, unahusu kupanua na kuchimba mkondo wa chini na kujenga daraja jipya la Jangwani. Ni kazi ya lazima. Hata hivyo mkondo uliochimbwa Jangwani hujazwa tena na udongo unaoteremka kutoka juu, na ndiyo maana ningependa kuona kila mti unaokatwa Pugu kwa ajili ya mkaa ukichukuliwa kuwa suala la watu wa Kigogo.

SWALI: Mimi nalima mchicha na matembele kando ya Msimbazi kwa miaka kumi na miwili, na ndiyo yaliyonisomeshea watoto. Sasa wateja wanasema mboga zangu zina sumu. Je, ni kweli, au ni maneno ya sokoni?
Mkulima, Vingunguti

JIBU: Ndugu yangu, nitakujibu kama ambavyo ningependa kujibiwa. Watafiti wamepima udongo, maji na mboga za bonde hilo kwa nyakati mbalimbali, na wamekuta madini mazito, risasi ikiwemo. Tenganisha mambo mawili. Vijidudu vinavyotokana na vinyesi hufa mboga ikiiva vizuri, ingawa wewe unayesimama majini kila asubuhi na watoto wanaochuma bado mko hatarini. Risasi haifi kwa moto wala haiishi kwa kuosha. Ikiwa mmea umeinyonya, imo ndani ya jani, na mtoto mdogo ndiye anayeumizwa zaidi, kwa sababu inadhuru ubongo unaokua. Mboga za majani ni miongoni mwa mazao yanayobeba zaidi.

Sikuambii uache kazi kesho. Ardhi yenye maji mjini ni mali, na ipo biashara isiyoliwa: miche ya miti na maua, nyasi za bustani, majani ya mifugo kwa tahadhari. Wenzako wengi kando ya barabara za jiji wanaishi kwa vitalu vya maua. Ukiweza kupata kisima ambacho maji yake yamepimwa, na udongo wa kuleta kwenye matuta yaliyoinuliwa, mchicha unaweza kuendelea. Na wewe unayeutazama mto kila siku ndiye shahidi bora kuliko afisa yeyote: unajua siku maji yanapobadilika rangi na saa yanapoanza kunuka kemikali. Andika tarehe na saa. Kiwanda kinachofungulia maji machafu usiku hutegemea kwamba hakuna anayeandika.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mnatulaumu sisi wa milimani kwamba tunaharibu maji ya Dar es Salaam. Babu yangu alinisimulia kwamba wakoloni waliwalazimisha kuchimba matuta, watu wakakataa hadi damu ikamwagika. Leo mnarudi na wimbo uleule wa matuta. Kwa nini tuwasikilize?
Mkulima, Matombo, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Babu yako alikusimulia ukweli, na ningetamani kila afisa anayepanda Uluguru na mpango mfukoni asimuliwe kwanza habari hiyo.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, uliowataka watu wakate matuta ngazi kwenye miteremko. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wa kuokoa udongo na maji. Shambani ulikuwa jembe siku baada ya siku, na kazi kubwa iliwaangukia wanawake. Ngazi zilipokatwa kwa kina, udongo mweusi ulizikwa chini na ule mwekundu usio na rutuba ukaja juu, mazao yakadhoofu, na mahali pengine mteremko wenyewe uliporomoka. Aliyekataa alitozwa faini. Mwaka 1955 hasira zililipuka huko kwenu Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Waluguru hawakuwa wajinga wa udongo wao. Walikataa kazi ambayo gharama yake ilikuwa yao na faida yake ilikuwa ya mwingine, na iliyofanywa vibaya juu ya hayo.

Sasa niseme lililo upande wa pili, kwa sababu nalo ni kweli. Maji yanayonywewa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na Ruvu hukusanya maji yake kutoka milima yenu. Msitu unaponyeshewa, matone hupigwa na majani kwanza, hudondoka kwenye takataka za majani yaliyooza, hupenya taratibu, na mlima hukaa na maji hayo kama mtungi, ukiyatoa kidogokidogo hata Oktoba mvua zikiwa hazipo. Mteremko ulio wazi hupigwa na tone moja kwa moja. Tone huvunja chembe za udongo, chembe huziba vitundu vya ardhi, maji hukosa pa kupenya, hukimbia juu yakibeba udongo, na Februari yanakuwa mafuriko ya tope huku Oktoba mto ukibaki mchirizi. Ndicho kilichotokea Oktoba 2022, kiangazi kilipokuwa kikali na jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Lakini aliyepoteza kwanza ni wewe: udongo unaofika Ruvu ukiwa tope ulikuwa shamba lako.

Kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia nyingine upande wa Kibungo Juu, katika kidakio cha Mto Mfizigo. Wakulima waliokubali kupanda miti mashambani, kuweka mistari ya majani, kuchimba matuta pale panapofaa na kuacha kuchoma moto walilipwa kwa kadiri ya eneo walilolitunza, na miongoni mwa waliochangia malipo hayo alikuwemo msambazaji wa maji wa jiji na kampuni ya vinywaji baridi, yaani watu wanaoishi kwa maji hayo. Fedha haikuwa nyingi, na malipo ya mradi huisha mradi unapoisha. Huo ndio udhaifu mkubwa wa mpango ule, na sioni sababu ya kuuficha. Hata hivyo, tofauti na mwaka 1955, mtu aliulizwa, alipimiwa shamba lake akiwepo, na aliweza kukataa.

Kwa hiyo usitusikilize kwa sababu tumesema matuta. Anza na kilicho rahisi na kinachokulipa mwenyewe: mistari ya majani ya Guatemala au mabingobingo ikifuata kontua (mstari wa kimo kimoja unaokatisha mteremko), ambayo hushika udongo na kulisha mbuzi au ng'ombe wako, migomba, karafuu na viungo mahali pa mahindi kwenye mteremko mkali zaidi, na ukanda usiolimwa kando ya kila kijito. Panapohitaji matuta, chimba ya fanya juu, yaani mtaro unaofuata kontua na udongo wake kutupwa upande wa juu, ili ngazi ijijenge yenyewe kwa miaka bila kuuzika udongo mweusi. Na kijijini kwenu daini, kupitia jumuiya ya watumia maji na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwamba anayekunywa maji chini achangie utunzaji wa juu kila mwezi, kama sehemu ya bili yake, pasipo kusubiri mfadhili. Mimi ninayelipa bili hiyo Dar es Salaam niko tayari.

SWALI: Shuleni kwetu tumepewa miche 200 ya mikaratusi ili tupande kuzunguka chemchemi. Babu anakataa, anasema chemchemi itakauka. Nani yuko sahihi?
Mwanafunzi, Mbeya

JIBU: Babu yuko sahihi. Mkaratusi ni mti mzuri wa nguzo na kuni ukipandwa mbali na maji, kwenye eneo la mbao, lakini hukua haraka kwa sababu hunywa haraka. Kuzunguka chemchemi acheni mikuyu kama ipo, pandeni mizambarau, mianzi na miti ya asili ambayo babu atawaonyesha katika vijito vinavyotiririka mwaka mzima. Zaidi ya kupanda, zungushieni uzio wa miti ili ng'ombe wasiingie, mkawatengenezee mahali pa kunywea pembeni. Chemchemi nyingi hupona kwa kuachwa tu. Miche 200 pelekeni kwenye kilima cha shule.

SWALI: Bwana mhariri, baada ya salamu. Sisi wavuvi wa Malindi tunaona bahari ikiwa nyekundu kila msimu Sabaki ukija na maji, na samaki wa miambani wanapungua. Tumeambiwa tutunze bahari. Tutaitunzaje ilhali uchafu unatoka bara?
Mvuvi, Malindi

JIBU: Bwana mvuvi, salamu zimefika. Mto mnaouita Sabaki, juu yake huitwa Galana, na juu zaidi ni Athi. Mto Nairobi, pamoja na kila kinachotupwa ndani yake kando ya jalala la Dandora, ni mkono wake mmojawapo. Kwa hiyo ninyi wa Malindi ni majirani wa Korogocho, mtaa wa Nairobi ulio karibu na jalala hilo, ingawa katikati kuna mbuga ya Tsavo. Mnajua wenyewe kwamba wakati wa kusi tope husukumwa kaskazini, na wakati wa kaskazi hurudi kusini kuelekea mji na miamba ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Tumbawe linaishi kwa mwanga, na tope hulinyima mwanga hata kabla ya kulifunika.

Liko jambo ambalo kila nikilifikiria hunigusa. Tumbawe hukua kwa tabaka kama mti, na katika tabaka zake hubaki alama za maji lililoishi ndani yake. Wanasayansi walitoboa tumbawe moja kubwa la Malindi lenye kumbukumbu ya takriban miaka 300, wakapima bariamu, madini yanayosafiri na udongo wa mtoni. Kwa karne mbili kiasi kilikuwa kidogo na tulivu. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1900 kikaanza kupanda, wakati ardhi ya bara ilipochukuliwa na walowezi na wenyeji wakabanwa kwenye maeneo finyu. Mwamba wenu umetunza daftari la mashamba ya Ukambani, nchi ya Wakamba huko bara.

Na huko Ukambani ndiko faraja ilipo. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa kikoloni waliiona Machakos kuwa nchi inayokufa kwa makorongo, wakaamuru mifugo ipunguzwe kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi kupinga. Zaidi ya nusu karne baadaye idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na milima ileile ilikuwa imejaa matuta ya fanya juu na miti. Kazi kubwa ilifanywa na mwethya, vikundi vya kusaidiana ambavyo wengi wake walikuwa wanawake, wakihama shamba hadi shamba na majembe yao. Walifanya hivyo walipokuwa na hakika na ardhi yao, na barabara na soko la Nairobi la kuuzia kahawa, matunda na mboga. Kidakio hicho hakijapona chote, na Athi bado hubeba tope jingi na majitaka ya jiji, lakini mahali palipotunzwa panaonekana kwa macho.

Ninachowashauri ni kutafuta kiti katika vikao vya jumuiya za watumia maji za juu. Pelekeni wavuvi wawili Machakos na Nairobi, wakiwa na picha za mwamba uliofunikwa, na mwaliko wa wenzao kuja Malindi wakati wa mvua wauone mto wao unapofika. Mtu hubeba mzigo wake kwa namna nyingine akishamwona anayeupokea.

SWALI: Mimi ni mzee wa Tabata. Vijana wanasema mwananchi hawezi kushindana na halmashauri au kiwanda. Nakumbuka sisi tulishinda. Waandikieni, maana wanadhani ninatunga.
Mzee, Tabata

JIBU: Mzee wangu, hutungi, na nakushukuru kwa kunipa nafasi ya kuandika hili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 taka za jiji la Dar es Salaam zilitupwa Tabata, zikachomwa hapohapo, moshi na nzi vikaingia majumbani. Wakazi walifungua shauri Mahakama Kuu mwaka 1988 na wakashinda. Halmashauri ya jiji iliporudi mahakamani zaidi ya mara moja kuomba iongezewe muda wa kuendelea kutupa, Jaji Lugakingira alikataa, akasema kwamba hajapata kusikia mamlaka ya umma ikija mahakamani kwa ujasiri kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akaiunganisha haki ya wakazi wale na haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Dampo lilipopelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walishtaki mwaka 1991, nao wakashinda.

Vijana wasome pia kilichofuata, kwa sababu kina funzo chungu. Taka zilihamia Vingunguti, ukingoni mwa Msimbazi, baadaye eneo liitwalo Mtoni, na tangu mwaka 2007 ziko Pugu Kinyamwezi, upande wa vilima ambako Msimbazi huanzia. Kila mtaa ulishinda kwa ajili yake, na taka zikaenda kwa mtaa mwingine, hatimaye zikapanda hadi karibu na chanzo. Lau kesi zile zingedaiwa na wakazi wa kidakio kizima kwa pamoja, huenda swali mbele ya jaji lingekuwa namna jiji linavyopunguza, linavyotenganisha na linavyozika taka zake, badala ya mahali pa kuzihamishia.

Leo sheria iko wazi zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama na haki ya kwenda mahakamani kuidai, na inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Lakini mita 60 hizo zisiwe fimbo ya kumpiga mwenye kibanda peke yake, huku ukuta wa kiwanda ulio mita kumi kutoka majini ukiachwa. Mzee, kama bado una nyaraka za kesi ile, tafadhali wape vijana wa serikali ya mtaa nakala.

SWALI: Klabu ya mazingira ya shule yetu imepanda matete na mianzi kando ya kijito. Wazazi wanauliza kama kuna maana, maana kijito ni kama kimekufa. Tutajuaje kwamba kinapona, bila maabara?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, waambieni wazazi habari ya Mto Thames. Mwaka 1957 watafiti wa London walisema kwamba sehemu ya mto huo ipitayo jijini imekufa. Majitaka yalikuwa yamemaliza oksijeni, na samaki hawakuweza kuishi. Mitambo ya majitaka ilijengwa upya na viwanda vikabanwa, na mwaka 1974 akapatikana samaki aina ya samoni, ambaye hawezi kuvumilia maji machafu. Mto hula uchafu kiasi bila kudhurika, kwa sababu bakteria walio ndani yake huumeng'enya kwa kutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Unapozidiwa oksijeni huisha na mto hunuka. Ukipunguziwa mzigo, kazi nyingine hujifanyia wenyewe.

Kupima hakuhitaji maabara. Tafuteni chupa sita za plastiki angavu, zinazofanana. Baada ya kila mvua kubwa, chukueni maji mahali patatu: juu ya shamba lenu la matete, katikati, na chini yake, chupa mbili kila mahali, kwa saa ileile. Ziacheni dirishani usiku kucha bila kuzitikisa, asubuhi wanafunzi wapime kwa rula kimo cha tope lililotuama na kuandika. Kisha kiangazi, maji yakiwa kidogo, geuzeni mawe kumi kijitoni, taratibu, na kuyarudisha yalivyokuwa. Mkikuta minyoo myekundu na viluwiluwi vya mbu tu, maji bado yana shida. Mkikuta watoto wa kereng'ende, wale wadudu wa kahawia wenye macho makubwa wanaotambaa chini ya jiwe kabla hawajaota mabawa, ni dalili njema. Na ukiwakuta wale wadogo wenye mikia mitatu kama nyuzi, ambao wengi wao hawavumilii uchafu, nakuomba uniandikie barua siku hiyohiyo.

Watoto wasiingie majini bila viatu, wanawe kwa sabuni wakitoka, na tarehe kwenye chupa ziandikwe kwa kalamu isiyofutika, ili mwakani klabu ichote mahali palepale.